Mwanangu, kuhusu ile kozi

Mwanangu, nimesoma meseji yako mara tatu. Unauliza uende kozi ya uongozi ya miezi mitatu au uombe ubaki na platuni yako, hao askari unaowaongoza, mpaka mwaka uishe. Mama yako kasema nisikuamulie, sawa, lakini mimi swali lako limenirudisha kwenye ule usiku wa mto, unaujua, ila mwisho wake sikuwahi kukwambia.

Tulikuwa kwenye zoezi la usiku. Nilikuwa luteni usu, nyota moja begani, miezi minne tu, askari thelathini nyuma yangu, na dira mkononi nikajiona najua kila kitu. Sajenti akanisogelea, akanong'ona kabisa ili askari wasisikie, afande, mto ulitakiwa uwe kushoto kwetu. Mimi nikamjibu kwa sauti, mbele ya wote, sajenti rudi kwenye nafasi yako. Tukatembea usiku kucha, tumefika zoezi limeisha, vijana miguu imechubuka. Kamanda wa kombania, mkubwa wangu mwenye platuni kadhaa chini yake, akauliza nani alikuwa anaongoza njia, na kabla sijafungua mdomo sajenti akasema, afande, tulipotea sote. Nikanyamaza. Mwanangu, nilinyamaza! Yule mzee alistaafu sijamwambia hata asante, na hilo linanichoma mpaka leo kuliko kupotea kwenyewe.

Luteni analelewa na sajenti wake, nimekwambia tangu unavaa unifomu ya kuruta. Chuo kinakupa mamlaka ya kutoa amri, platuni ndiyo inakuonyesha kama watu wanakufuata au wanatii tu kwa sababu ya nyota.

Lakini tena nisiwe muongo, wapo masajenti wanaomlea luteni vibaya, wanamfundisha njia za mkato na kufunika makosa, na aliyenitoa mimi ujinga hasa ni yule kamanda, alipotukalisha chini wote baada ya zoezi: tulipanga nini, kikatokea nini, kwa nini, kesho tufanyeje, akaanza na mimi mbele ya askari wangu. Na kukaa hivyo yeye alijifunza kozini. Kwa hiyo kozi siidharau.

Ila miezi mitatu ni mingi kwa platuni iliyoanza kukuzoea... basi, nimeahidi sikuamulii. Luteni analelewa na sajenti wake. Wa kwako umeshamuuliza yeye anaonaje?

Baba yako