Jibu: Damu inaweza kuonyesha neva zilizoumia?
Pole ndugu kwa kumuuguza mzee. Umeuliza kama damu inaweza kuonyesha kwamba UVIKO-19 uliomlaza kwenye mashine ya kupumulia umemjeruhi neva. Inaweza, kwa kiasi. Kipimo kinachotajwa sana ni NfL, protini iliyo ndani ya nyuzi za neva. Zikiharibika, huvujia kwenye damu. Mwaka 2020 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliona kwa wagonjwa mahututi GFAP, protini ya seli zinazotegemeza neva za ubongo, ikipanda mapema kisha kushuka, huku NfL ikipanda baadaye.

Ila NfL haisemi jeraha liko ubongoni au miguuni, na umri mkubwa au figo dhaifu huipandisha pia. Kama miguu imelegea, tafadhali aonwe kwanza na daktari wa neva.