Re: Heksagramu 64 kwenye siku 30, hesabu inagoma

Salaam ndugu. Umekwama kwenye ratiba ya moto ya neidan (alkemia ya ndani ya Kidao, inayofanywa kwa pumzi na kutafakari; "moto" ni nguvu ya zoezi) kwa sababu unagawa heksagramu zote 64, ile michoro ya mistari sita ya kitabu cha Yijing, kwa siku 30 za mwezi. Toa nne kwanza: Qian, Kun, Kan na Li. Haziingii kwenye ratiba ya moto, maana Qian ni chungu, Kun ni jiko, na Kan na Li ndiyo dawa yenyewe. Zinabaki 60, mbili kwa siku. Siku ya 1 asubuhi ni Zhun, jioni Meng. Siku ya 30 unafunga kwa Jiji na Weiji. Mistari 6 kila moja, jumla 360.

Bado haikai? Basi umechanganya na ratiba ya heksagramu 12 za siku moja, ambayo ni kitu kingine kabisa. Ile huanza na Fu, saa 5 hadi saa 7 usiku, mstari mmoja mzima chini. Mstari mzima unaongezeka mmoja kila saa 2 mpaka Qian, yenye yote sita mizima, saa 3 hadi 5 asubuhi. Kuanzia Gou, yin, yaani mistari iliyokatika, inarudi.

Madini ya risasi na zebaki yanayotajwa kwenye mafundisho haya usinunue, tafadhali! Katika neidan, risasi ni mstari mzima wa katikati ya Kan (umbo lake la mistari mitatu), zebaki ni ule uliokatika wa katikati ya Li. Ukibadilishana mistari hiyo miwili, Li inakuwa Qian. Waliokufa kwa kumeza madini yenyewe wanajulikana. Mfalme Wuzong wa nasaba ya Tang ya China, aliyefariki 846, hutajwa miongoni mwao.

Idadi ya pumzi za kila hatua haimo kwenye ratiba hizi, hiyo hutoka kwa mwalimu. Zhang Boduan mwenyewe, mwandishi maarufu wa neidan, aliwaonya wanaong'ang'ania mistari.