Kila Mwaka Nakatikia Mpando wa Mweka, Mwanasaikolojia Atanisaidia Nini?

SWALI: Habari dada. Mi naishi Pasua hapa Moshi, nina miaka 34, nakimbia na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu. Shida yangu ni ile nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon. Mazoezini napandisha Mweka vizuri tu na kushuka bila kutembea, ila siku yenyewe nikifika katikati ya mpando kuna kitu kinakata, naona watu wananipita, wazee, wadada, na mimi nasimama natembea mpaka juu. Kila mwaka hivyo hivyo. Kocha anasema huna roho, mwangalie Alphonce Simbu, yule bingwa wetu wa marathoni, yule ana roho. Mke wangu kasikia redioni kwamba kuna wanasaikolojia wanasaidia wakimbiaji, anataka nimtafute mmoja, nikamwambia mi sio mgonjwa wa akili. Kazi yangu ni wakala wa pesa za simu karibu na stendi, na Jumamosi ya kuamkia mbio biashara inachangamka sana sababu ya wageni, nafunga saa nne usiku. Sasa huyo mwanasaikolojia atafanya nini ambacho kocha hawezi?

JIBU: Asante kaka, na wifi yangu mpe salamu maana kakushauri vizuri sana.

Hili la ugonjwa tuliondoe kwanza. Mwanasaikolojia hatoi vidonge, anayetoa dawa ni daktari wa magonjwa ya akili, na hata kwa huyo watu wanaenda kwa sababu nyingi tu na hamna aibu yoyote. Mkimbiaji akienda kwa mwanasaikolojia anaenda kujifunza stadi, yaani vitu vya kufanya kichwani wakati miguu inaungua, na stadi hizo zinafanyiwa tizi wiki kwa wiki kama unavyofanyia tizi mapaja. Asubuhi ya Jumapili ya mbio pale uwanja wa Ushirika huwezi kuanza kuzitafuta, utakuwa umechelewa.

Sasa kocha wako na roho. Simbu namheshimu mno na ndo maana inaniuma watu wanapomtumia kama fimbo ya kuwachapia wenzao. Ile Septemba 2025 Tokyo alimaliza muda mmoja na Mjerumani Amanal Petros, 2:09:48 wote wawili, ikabidi waangalie picha ya mstari wa mwisho ndo dhahabu ikaja kwetu, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Lakini huyo huyo alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akachukua shaba London 2017, akawa wa pili Boston Aprili 2025. Hesabu hiyo miaka. Mtu anayekwambia "huna roho" hajakupa kitu cha kufanya kesho asubuhi, kakupa tu jina la kubeba, na naamini hilo jina sasa unapanda nalo Mweka kila Februari.

Kikao cha kwanza, mwanasaikolojia anayeijua kazi yake hatakuhubiria ujiamini. Atakuuliza maswali ya karibu karibu mpaka utaona kero. Ulikuwa sehemu gani hasa ya barabara? Kabla hujasimama ulijiambia nini, neno kwa neno? Mabega yalikuwa wapi, macho yalikuwa yanaangalia nini? Wengi wanajibu "nilichoka tu", ila wakikaa kidogo sentensi yenyewe inatoka. Mara nyingi inakuwa kitu kama "tayari nimeshaharibu" au "bado mbali hivi, sifiki". Kwenye barua yako naona ilipoanzia, pale ulipoandika "naona watu wananipita". Yaani macho yameshatoka kwenye mbio zako yamehamia kwenye migongo ya wenzio, na kutoka hapo kusimama ni hatua chache.

Ukishaijua sentensi mnaitengenezea ya kujibu. Chukua daftari la mistari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika maneno yanayokuja yenyewe kilimani, kulia andika utakachojiambia badala yake, kifupi, kwa lugha yako ya kila siku, hata kama ni Kichaga. Mfano kushoto "wananipita", kulia "hatua fupi, mikono chini". Kushoto "nimekwisha", kulia "nimeshapanda hapa mara nyingi". Usiandike makubwa kama "mimi ni simba", kichwa kilichochoka hakidanganyiki kirahisi. Alafu unaenda nayo kwenye mazoezi ya kilima, unayajaribu, yanayokaa unayabakisha na yasiyokaa unakata. Watafiti wa Uingereza walijaribu kitu cha namna hii, wakakichapisha 2014: watu walipanda baiskeli ya mazoezi mpaka wakashindwa, kundi moja likajifunza kujisemesha kwa wiki mbili, liliporudi kwenye baiskeli likadumu takriban asilimia 18 zaidi ya mara ya kwanza na likasema kazi yenyewe imekuwa nyepesi. Kundi ambalo halikufundishwa halikuongeza kitu. Na baiskeli ilikuwa imewekwa uzito ule ule.

Hapo ndo nataka ukae kidogo kaka. Tunaposimama njiani mara nyingi misuli haijaisha, kilichofika mwisho ni ule uzito wa kazi unavyousikia. Uzito huo ukishuka hata kidogo unaenda mbele zaidi, ukipanda unasimama mapema, na kuna vitu vingi vinaupandisha ambavyo havihusiani na miguu kabisa.

Kimoja umekiandika mwenyewe bila kujua. Jumamosi nzima mpaka saa nne usiku unahesabu hela, unakagua meseji za miamala, unaogopa kukosea namba, unaogopa matapeli, wateja wanakupigia kelele dirishani. Kuna utafiti wa 2009 watu walipewa kazi ya kukazia akili kwenye kompyuta dakika 90, siku nyingine wakaangalia filamu za kawaida muda huo huo, kisha kila mara wakapanda baiskeli. Siku ya kazi ya akili waliacha mapema zaidi, wakati moyo na pumzi havikuonyesha tofauti ya maana. Walichosema ni kwamba tangu mwanzo waliisikia kazi nzito zaidi. Kwahiyo mi nikikuangalia sishangai mazoezini unapanda na siku ya mbio unakata, mazoezini hujatoka kwenye kibanda usiku wa jana yake. Ongea na wifi, au tafuta kijana wa kuaminika akushikie Jumamosi hiyo hata kuanzia saa nane mchana. Najua ni siku ya hela. Ila ukinilazimisha nichague kitu kimoja tu kwenye jibu lote hili, nachagua hicho.

Kingine ni mpango wa "ikitokea hivi nafanya vile". Uandike kabla: nikipitwa na kundi, nashusha macho mita chache mbele na kuhesabu hatua mpaka 30 alafu naanza upya. Mguu ukianza kuwa mzito, nakagua taya, mabega, vidole, nalegeza. Huo mpando mzima usiubebe kwa mara moja, wewe ni mwenyeji, unaijua kila kona, kila duka na kila kanisa la njia hiyo, basi ukate vipande na kila kipande kiwe na jina lako mwenyewe. Na kama shuleni ulikimbia mchakamchaka unajua wimbo wenye mapigo unavyobeba watu waliochoka, hiyo nayo ni stadi, itumie sehemu tambarare, ila kwenye mpando mkali rudisha akili mwilini usikilize pumzi.

Kuna jambo mwanasaikolojia hawezi kukusaidia nalo nalo ni kuanza mbio kama umeibiwa. Ukitoka uwanjani na umati kwa kasi ambayo hujawahi kuifanyia mazoezi, Mweka itakukata hata uwe na maneno mazuri namna gani. Kwenye kipimo cha 1 mpaka 10, kilomita za mwanzo ujisikie kama 5, uweze kuongea sentensi. Pia maumivu ya kuchoka na maumivu ya kuumia ni vitu viwili. John Stephen Akhwari alimaliza Mexico 1968 na goti limefungwa bandeji na dunia nzima inamkumbuka, ila yale yalikuwa mashindano ya Olimpiki. Wewe Jumatatu una kibanda cha kufungua, goti likichoma kama kisu simama.

Kumpata sasa. Wenye utaalamu wa michezo peke yake huku kwetu ni wachache, lakini usikwame hapo. Mwanasaikolojia tiba au mnasihi aliyesomea tiba ya fikra na tabia anazo stadi nyingi za hizi, we unampelekea kilima. Anzia kuuliza kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa. Ukimpata muulize amesomea nini, vikao vitakuwa vingapi, na atakupa kazi gani ya kufanya nyumbani. Akikosa jibu la hilo la mwisho tafuta mwingine. Mnayoongea yanabaki kwake, kocha haambiwi kitu mpaka wewe uruhusu. Na anza Novemba au Desemba, ukisubiri namba za mbio zianze kugawiwa hutapata muda wa kuyazoea.

SWALI: Shikamoo mshauri. Ni mama wa Ngaramtoni, Arusha. Binti yangu wa kidato cha tatu anakimbia mbio za nyika na mita 5000. Asubuhi ya mashindano anatapika, usiku halali. Siku hizi anaacha chakula, anasema mwalimu wa michezo kamwambia awe mwepesi. Nimpeleke kwa mwanasaikolojia au nimuachishe mbio?

JIBU: Marahaba mama. Umeniandikia mambo mawili kwa pamoja na lile la pili limenishtua zaidi.

Kutapika na kukosa usingizi kwa woga wa mashindano kunawapata hata wakubwa. Mwili unajiandaa, moyo unakwenda mbio, tumbo linasimamisha kazi. Mwanasaikolojia atamfundisha kupumua nje kwa muda mrefu kuliko anavyovuta, atamtengenezea utaratibu wa asubuhi usiobadilika, nguo, chai, kupasha misuli, ili kichwa kisipate nafasi ya kuzurura, na atamzoesha kuyasikia yale mapigo ya moyo kama mwili unaojiweka sawa badala ya hatari. Na mwambie usiku mmoja wa kulala vibaya haumuharibii mbio, usingizi wa wiki nzima ndo unaohesabika, akilijua hilo tu hataogopa kitanda.

Ila chakula mama, hapo usingoje. Msichana anayekua, anayekimbia kila siku na hali vya kutosha, anaweza kukosa hedhi, mifupa ikadhoofika mpaka ikapata nyufa, na kasi yenyewe ikashuka. Muulize kwa upole kuhusu siku zake. Kama zimepotea miezi mitatu au hazijawahi kuanza mpeleke kwa daktari wiki hii, alafu mwanasaikolojia afuate. Kikao cha kwanza ingieni wote, vinavyofuata mwache aingie peke yake na usimhoji akitoka. Nenda pia shuleni ukaongee na huyo mwalimu, uso kwa uso, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba habari za uzito wa mtoto wako haziongelewi tena uwanjani. Kumuachisha mbio sikushauri kabla hujamsikiliza, inawezekana mbio anazipenda na anachokiogopa ni watu. Akimaliza mashindano usianze na "umekuwa wa ngapi", muulize sehemu gani alijisikia vizuri.

SWALI: Mi ni guide, natokea Marangu. Usiku wa kwenda kileleni Kilimanjaro kuna wageni wanakata tamaa kabla ya Gilman's, pale kwenye ukingo wa kreta. Niwaambie nini wasirudi?

JIBU: Kaka, kwanza hakikisha ni kukata tamaa kweli. Mgeni anayeyumba kama mlevi, anayeongea vitu visivyoeleweka, anayehema akiwa amekaa au anayekohoa povu, huyo ana ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyembamba ya juu, na hamna neno la kumtia moyo hapo, ukimsukuma unaweza kumuua. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kwenye kidole. Akishindwa anashuka.

Aliyechoka na baridi tu lakini akili yake iko sawa msaidie kwa kumpunguzia mlima. Kutoka kambi ya Kibo usimtajie kilele cha Uhuru mita 5,895, mtajie pango la Hans Meyer, mkifika mtajie Gilman's mita 5,685, mkifika hapo mnaongea upya. Mpe hesabu ya hatua na pumzi, hatua moja pumzi moja, na pole pole yenu ile ile. Tena muulize jioni mkiwa mnakula, kabla ya kulala, ni maneno gani anataka umwambie akianza kuchoka, maana mwingine anataka utani na mwingine anataka ukimya, saa tisa usiku hawezi tena kukueleza. Mkubaliane hapo hapo mezani kwamba ukisema tunashuka, mnashuka, bila mjadala wa hela alizolipa.