Mdogo wangu ana miezi 8 hajaanguka. Je, aache dawa za kifafa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Alianguka mara mbili ndani ya miezi mitatu: alikakamaa, akatupa mikono na miguu, akajing'ata ulimi. Akaanzishiwa kabamazepini, anameza miligramu 400 asubuhi na 400 jioni, na huu ni mwezi wa 8 hajaanguka. Juzi amefanyiwa EEG, majibu yametoka safi. Bwana mmoja anayeuza dawa ya unga anasema hiyo ni dalili kwamba amepona, kwa hiyo aache vidonge atumie unga wake siku 40 kumalizia. Tumsikilize? – Dada yake

JIBU: Marahaba, dada. Msimsikilize. Leo jioni ameze dozi yake ileile, kwa saa ileile.

Karibu kila anayeniuliza swali hili huja na karatasi ya EEG mkononi, na karatasi hiyo haisemi kile alichoambiwa inasema. EEG hurekodi umeme wa ubongo kwa nyaya zilizobandikwa kichwani, kwa kawaida dakika 20 hadi 30. Ubongo wenye kifafa hautoi alama zake muda wote. Kipimo cha kwanza hunasa alama hizo kwa takriban nusu tu ya wenye kifafa, pengine chini ya hapo. Kikirudiwa, au mgonjwa akipimwa baada ya kukesha ili asinzie mezani, uwezekano wa kuzinasa hupanda. Na wapo wazima kabisa ambao EEG zao huonyesha alama zisizo za kawaida. Kwa hiyo EEG safi si cheti cha kupona. Picha ya MRI ni vivyo hivyo: inatafuta kovu, uvimbe au vifuko vya mabuu ya tegu kwenye ubongo, na wagonjwa wengi picha zao ni safi.

Kifafa hutambuliwa kwa maelezo. Mtu akianguka mara mbili, kwa kupishana zaidi ya saa 24, bila chanzo cha papo hapo kama malaria kali, sukari kushuka au kuacha pombe ghafla, hicho ni kifafa hata kama vipimo vyote ni safi. Ndiyo maana aliyeshuhudia ni muhimu kuliko mashine. Je, kichwa kiligeukia upande mmoja kwanza? Mtikisiko ulianzia mkono mmoja? Macho yalikuwa wazi? Alichukua muda gani kujitambua? Video ya simu hujibu mengi ya haya.

Muulize pia jambo moja: je, asubuhi baada ya kuamka mikono humshtuka ghafla hata akaangusha kikombe au mswaki? Wengi hawalitaji kwa sababu hawaoni kama ni ugonjwa. Akisema ndiyo, mwambieni daktari wake mapema. Aina hiyo ya kifafa huanza ujanani, kabamazepini inaweza kuizidisha, na hurudi kwa wengi wanaoacha dawa hata baada ya miaka.

Sasa hiyo miezi 8. Hajaanguka kwa sababu anameza vidonge. Dawa hizi haziui kifafa kama antibiotiki inavyoua vijidudu. Zinakizuia kwa muda zilizomo mwilini. Mazungumzo ya kuacha huanza baada ya angalau miaka 2 bila dalili yoyote, na hata hapo takriban mmoja kati ya watatu hurudiwa. Dozi hupunguzwa polepole, si zaidi ya robo kila baada ya wiki 2 hadi 4, kwa miezi kadhaa. Fenobabitali, dawa nyingine ya kifafa, huhitaji muda mrefu zaidi.

Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja, maana linaua. Wakati huo mlazeni ubavu, tazameni saa, na msimtie chochote mdomoni, si kijiko wala maji.

Kuhusu huyo muuza unga, ninakasirika nikisikia sharti la kuacha vidonge kwanza. Zipo dawa za unga zilizopimwa maabara zikakutwa zina fenobabitali iliyosagwa ndani yake. Mgonjwa anapata nafuu, familia inashangilia, kumbe anameza dawa ileile ya hospitali kwa kipimo ambacho hakuna anayekijua. Unga unapokwisha, dawa nayo inakatika ghafla. Unga usio na kitu ni hatari kwa njia nyingine: siku 40 zinapita bila kinga. Na mgonjwa akianguka, ataambiwa amekiuka masharti.

Yeyote aliyekwisha kuacha dawa asirudie mwenyewe kwa kukisia. Dozi moja iliyosahaulika humezwa mara anapokumbuka, isipokuwa kama inayofuata imekaribia. Hazimezwi mbili kwa pamoja. Aliyekaa siku kadhaa bila kumeza awasiliane siku hiyohiyo na kliniki iliyomwandikia. Anayetumia lamotrijini, nayo dawa ya kifafa, akipitisha zaidi ya siku 5, huanzishwa upya kwa dozi ndogo, kwa sababu kurudi moja kwa moja kwenye dozi ya zamani kunaweza kumletea upele mkali unaobabua ngozi na mdomo.