Seva imezima, imezimika au imezimwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi kijana wa IT hapa Dar, ofisi yetu ipo Kijitonyama. Nimepewa kazi ya kuseti aleti kwenye seva, yani mtandao ukizingua au diski ikikaribia kujaa meseji iende kwa mtu wa zamu. Bosi anataka ziwe za Kiswahili maana usiku wanaozipokea ni mlinzi na fundi wa jenereta. Nimeandika "Onyo: seva iko chini" wenzangu wakacheka, mmoja anasema niandike imezima, mwingine imezimwa, mwingine imekufa. Lipi sahihi? Na aleti kwa Kiswahili ni onyo, tahadhari au arifa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wamecheka bure, maana hata wao kila mmoja kasema kitu chake na wote hawajasema kile ambacho mashine inakijua. Tuanze na umeme, kwa sababu hili swali kila mtu wa Dar ameshalijibu bila kujua siku taa imezima ghafla nyumbani saa mbili usiku. Cha kwanza mtu anauliza nini? "Umekatika au umeisha?" Afu anatumwa mtoto achungulie dirishani kama kwa jirani kuna taa. Kwa jirani giza, basi umekatika. Kwa jirani kunawaka, basi wetu umeisha, mtu atafute simu anunue LUKU. Na kuna la tatu, umekatwa, hilo watu wanalisema kwa sauti ya chini kidogo kwa sababu ukisema umekatwa maana yake kuna mtu kaja kaukata, na kaukata kwa sababu.

Ona sasa, kitenzi ni kilekile kata, mkia tu ndo umebadilika. Ukiweka -ika unaeleza hali: kitu kimefikia hapo, aliyefanya hatajwi wala hafikiriwi, kama kikombe kimevunjika. Ukiweka -wa kuna mtendaji, hata usipomtaja msomaji ataanza kumtafuta. Kwa hiyo huyo anayekwambia andika "seva imezimwa" anamtuma mlinzi akamtafute mtu aliyeizima, na mlinzi akiambiwa saa nane usiku kwamba kuna mtu kazima seva atachukua rungu, hatachukua tochi.

Imezima je? Mtaani tunasema gari limezima, simu imezima, na mimi mwenyewe nasema, sitakuja hapa kujifanya sijui. Ila kwenye maandishi zima kwa kawaida inabeba kitu mbele yake, zima taa, zima moto ndo maana kuna Zimamoto, sasa "seva imezima" mtu mwenye usingizi anaweza kungoja amalizie kusoma, imezima nini? Imezimika haina huo utata. Imekufa iache kabisa, betri iliyokufa haichajiki, injini iliyokufa inashushwa, ukimwambia fundi seva imekufa atakuja na nyingine kwenye bodaboda.

Na "iko chini". Najua tumelizoea, ukienda kaunta yoyote unaambiwa mtandao uko chini, njoo kesho. Limetoka Kiingereza likapanda daladala likafika, sina ugomvi nalo kwenye maongezi. Lakini kwa mlinzi ambaye ofisi yenu ipo ghorofani, "seva iko chini" ni habari ya mahali, atashuka ngazi kwenda kuiangalia.

Sasa haya yote tuliyoyasema, imezimika, imezimwa, imekufa, yana kosa moja la pamoja ambalo sio la sarufi, ni la ukweli. Hiyo programu yako inafanyaje kazi? Inatuma ping, yani kaswali kafupi ka "upo?" kupitia mtandao, inasubiri jibu, jibu halijaja. Basi. Haijaingia chumbani kuona taa za seva. Huenda seva inawaka vizuri tu na kebo ndo imechomoka, au swichi ya mtandao iliyopo katikati imezimika, au kuna mtu kaweka ukuta wa moto, ile firewall, unaokataa ping. Kwa hiyo neno la uaminifu ni "haijibu". Yule dada wa kwenye simu analijua hili kuliko sisi, hajawahi kukwambia simu ya fulani imezimwa au imeibiwa, anakwambia namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Anasema alichonacho upande wake na anaishia hapo.

Tena Kiswahili kinakupa ngazi ya pili. Haijibu ni pale njia ni nzima na wewe umegonga mlango kimya. Haifikiki ni pale njia yenyewe imekatika kabla ya mlangoni. Nagios, ile programu ya kuchunga seva na kutoa aleti, inatofautisha hizi hali mbili kabisa, ilimradi umeiambia kifaa kipi kipo nyuma ya kipi, seva hii ipo nyuma ya swichi ile, swichi ile ipo nyuma ya rauta. Swichi ikienda inachungulia kwanza, kama yule mtoto dirishani, ikiona jirani naye yupo gizani haikwambii seva arobaini zote zimekufa, inakwambia swichi haijibu na hizo nyingine hazifikiki. Tafsiri yake unayo tayari mdomoni, usitafute msamiati mpya.

Halafu angalia haijibu na haijajibu, wengi wanazichanganya. Haijibu ni sasa hivi, au ni tabia yake. Haijajibu ina "bado" ndani yake, nimegonga nasubiri na bado sijakata tamaa. Kama umeseti aleti isitoke mpaka tatizo lidumu dakika 5 (na ufanye hivyo, usitume meseji kwa ping moja iliyopotea), basi "haijajibu kwa dakika 5" inapendeza kuliko "haijibu kwa dakika 5" ambayo inasikika kama imegoma kwa muda maalumu afu itajibu.

Haya, onyo au tahadhari au arifa. Onyo limetokana na ona, onya ni kumfanya mtu aone, lakini mtumishi yeyote wa Tanzania akisikia onyo anaona barua, barua ya onyo, ya kwanza, ya pili, ya tatu unaondoka. Onyo anapewa mkosaji. Diski haijamkosea mtu. Arifa ni ndugu wa taarifa na maarifa, shina moja la Kiarabu la kujua, kwa hiyo arifa ni kukujulisha tu, haina joto wala baridi, ndo jina zuri la mfumo mzima: mfumo wa arifa, seti arifa, arifa imetoka. Ila ndani ya arifa lazima useme ukali wake, na hapo usihangaike, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wamekumalizia kazi. Utabiri wao wa siku tano una hakuna tahadhari, angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, na kila moja ina rangi yake kuanzia kijani hadi nyekundu. Mvua za masika zimeshamfundisha kila mkazi wa Jangwani tofauti ya angalizo na tahadhari kubwa, mlinzi wako hatahitaji semina.

Nagios ina hali nne zenye namba, 0 mpaka 3. Sifuri andika "salama". Moja andika "angalizo". Mbili andika "tahadhari kubwa", ruka ile ya katikati maana hapa huna ngazi ya kuipa. Tatu ni pale programu yenyewe imeshindwa kupima, andika "haijapimika" na sio "haijulikani", kwa sababu haijulikani inatisha bure. Kama unatumia Zabbix, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, yenyewe ina madaraja sita na la juu kabisa wameliita maafa, mimi ningelipunguza, maafa kwetu ni mafuriko na tetemeko, diski kujaa bana sio maafa.

Na tukigusa diski: "diski imejaa asilimia 90" naiona kila mahali. Imejaa ni imejaa, ndoo iliyojaa haina asilimia. Geuza, sema kilichobaki: "nafasi ya diski imebaki asilimia 10". Mtu anaelewa kama anavyoelewa gesi jikoni.

Hukuniuliza kuhusu saa lakini nakwambia, hapa ndo utaumia. Seva inaandika 02:14. Wewe kwenye kiolezo cha meseji ukaweka neno saa mbele na usiku nyuma, inatoka "saa 02:14 usiku", na Mswahili yeyote atasoma saa mbili na dakika kumi na nne usiku, yani taarifa ya habari ndo imeanza muda sio mrefu, wakati tatizo limetokea saa nane usiku. Tofauti ya masaa sita. Na kama seva umeiacha kwenye UTC, ile saa ya kimataifa, mambo yanazidi, itaandika 23:14 tena ya tarehe ya jana, kwa sababu sisi tupo masaa matatu mbele. Kwanza iweke seva kwenye saa za Afrika Mashariki. Pili chagua moja, ama uandike 02:14 kavu bila neno saa wala usiku, tarakimu nne na nukta mbili watu wameshazizoea kwenye simu, ama utoe hesabu ya sita uandike "saa 8:14 usiku". Usichanganye. Na siku nayo andika tarehe, usiseme "usiku wa Jumamosi", maana wazee wa pwani siku yao inaanza jua likizama, usiku wa Jumamosi kwao ni ule wa kuamkia Jumamosi, wakati wewe na kompyuta yako mnahesabu kutoka saa sita ya usiku.

Upatanisho sasa. Kiolezo chako nadhani kina jina linaloingia lenyewe mbele ya "imezimika". Likiingia jina la seva sawa, seva imezimika, rauta imezimika, swichi imezimika, wote ngeli moja. Siku likiingia mtandao wa tawi inatoka "mtandao wa tawi imezimika" na wenzako watacheka tena, safari hii kwa haki, maana mtandao unakatika, na ni u-. Dawa ni kutanguliza neno moja unalolijua ngeli yake afu jina lifuate: "Kifaa SW-03 hakijibu", "Huduma ya tovuti haijibu". Kitenzi kinafuata kifaa, hakijali kinachokuja baada yake. Na neno mtandao lenyewe liwekee mkia kila mara, mtandao wa ofisi, mtandao wa simu, maana peke yake mtu anaweza kudhani bando lake ndo limeisha.

Jambo dogo la SMS. Meseji moja inabeba herufi 160 na Kiswahili hakina herufi za ajabu kwa hiyo unatosha, isipokuwa kile kialama cha ng' kwenye ng'oa au king'ora. Kikiwa kimesimama wima hakina shida, lakini ukikopi kutoka programu ya kuandikia barua kinakuja kile kilichopinda, hicho kimoja tu kinashusha meseji nzima hadi herufi 70 na unalipia mbili au tatu.

Mtandao unaokatika na kurudi, kukatika na kurudi, andika "mtandao wa tawi unakatikakatika", lugha imeshakutengenezea. Kifaa kikirejea andika "kimerudi". Umeme ukirudi mtaa mzima unapiga kelele umerudi, hakuna anayesema huduma imerejeshwa. Kwa hiyo meseji yako iwe hivi:

TAHADHARI KUBWA 14/03 02:14. Kifaa SEVA-2 hakijajibu kwa dakika 5. Angalia umeme na kebo chumba cha seva, kisha piga kwa aliye zamu.

Na yule aliyekwambia imezimwa usimcheke sana, neno lake lina siku yake. Ni ile siku mnaizima wenyewe, "SEVA-2 imezimwa kwa matengenezo mpaka 04:00", hiyo itume mapema jioni, na arifa zake uzinyamazishe kabla hujagusa swichi, la sivyo mlinzi atakukuta humo ndani na rungu lake.