Neno la kuamsha kifaa: nilipoanzia na nilipofika

Kifaa changu cha kuamriwa kwa sauti hungoja neno fulani kisemwe ndipo kiamke na kusikiliza; neno la kwanza nililokipa lilikuwa "habari". Saa mbili usiku taarifa ya habari ilipoanza kwenye runinga, kikaanza kumwitikia mtangazaji. Ndipo nikaelewa kwamba kabla ya kuchagua programu unapaswa kuchagua neno: refu kidogo, lisilosikika ovyo nyumbani. Sasa mimi huita "Sikia Kinanda".

Programu ya kutambua neno niliyodumu nayo ni openWakeWord, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kukusanya watu mia wakurekodie: kompyuta yenyewe hutengeneza maelfu ya sauti za kuifundishia. Tatizo ni kwamba sauti hizo ni za Kiingereza. Sampuli za mwanzo zilitamka "Kinanda" vibaya mno, na ningezifundishia hivyohivyo ningepoteza siku nzima. Andika neno lako jinsi Mwingereza angelisoma, "see-kee-ah kee-nahn-dah", kisha sikiliza sampuli kadhaa kabla ya kuendelea. Tafadhali usiruke hatua hii.

Baadaye niliongeza modeli (sehemu ya programu iliyofundishwa kutambua sauti) ndogo ya uthibitisho, inayojifunza sauti yako kwa rekodi chache. Kuamka ovyo kulipungua sana, ila mke wangu akaita wee, kimya! Ikabidi naye arekodi.

Kama kifaa chako ni kidogo, cha chipu ya ESP32-S3, tazama programu ya microWakeWord. Hiyo husikiliza ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo sauti haisafiri kwenye Wi-Fi muda wote ikingojea kuitwa. Kwangu, ambako mtandao hausomi vizuri jikoni, hilo lina uzito. Kuifundisha neno jipya, hata hivyo, kunataka uvumilivu zaidi.

Snowboy, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, iachie hapo. Huduma yake ilifungwa mwishoni mwa 2020, ingawa maelekezo ya zamani bado yanaitaja. Porcupine, nayo ya kazi hiyohiyo, ni nyepesi na makini, lakini inadai ufunguo (msimbo wa ruhusa) wa kampuni iliyoitengeneza, na mimi nilitaka kitu nisichohitaji kukiombea ruhusa. Unayetaka kuuza kifaa soma leseni: msimbo wa openWakeWord uko huru, lakini modeli zake zilizokwisha fundishwa haziruhusiwi kwa biashara.

Ukishamaliza, washa redio usiku kucha uhesabu kimeamka mara ngapi bila kuitwa. Asubuhi kiite ukiwa jikoni, vitunguu vikikaangwa. Kisiposikia, shusha kidogo kutoka 0.5 kizingiti, yaani kiwango cha uhakika ambacho programu hudai kabla ya kuamka, kisha rudia usiku ule ule wa redio.