Re: Kumwona Mama (Rais Samia) viwanja vya Furahisha, Mwanza, nifike saa ngapi?

Mkuu kama unaenda na mtoto saa 12 asubuhi uwe umeshafika, maana msafara ukikaribia wanafunga barabara ya eapoti na daladala zinawashusha mbali huko mtembee wenyewe. Getini kuna ukaguzi, begi kubwa acha home. Ila jua la pale we acha tu, kivuli hamna labda ujibanze nyuma ya mabango, na wenye mabango hawapishi mtu 😂

Mi ushauri wangu simama barabarani, Mama akitokea juu ya gari akipunga mkono unamwona laivu kuliko uwanjani. Juni 2025 alipokuja kuzindua daraja la Kigongo–Busisi nilishangilia mpaka sauti ikakata, kitenge cha kijani chote jasho, aisee raha tupu!